Fuso yangu ya matoke haioni mbele usiku: niweke balbu za wati kubwa au LED?

Fuso_Isingiro

Habari zenu ndugu madereva na mafundi. Naendesha Fuso Fighter ya mtumba kutoka Japani. Napakia matoke Isingiro jioni, nashusha Nakawa alfajiri, mara tatu kwa juma. Kazi yangu yote ni ya usiku, kwa sababu wanunuzi wanakuja sokoni kabla jua halijatoka, na mkungu uliochelewa hauna bei.

Juma lililopita nilitoka Lukaya saa nane kasorobo usiku nikaingia Lwera, kile kipande cha barabara kinachopita kwenye kinamasi. Mvua ilikuwa imekatika muda si mrefu, lami imekuwa nyeusi ti, inameza mwanga wote. Basi lilikuwa linakuja kwa hiyo nilikuwa nimeshusha taa, niko kwenye dimu. Basi lilipopita tu nikaona matawi ya miti barabarani. Hapa hakuna dereva asiyejua matawi yana maana gani. Trela lilikuwa limekufa, nusu yake iko kwenye lami, nyuma halina taa hata moja, na yule mwenzetu aliweka matawi hatua kama kumi tu kutoka kwenye bampa. Nilikanyaga breki, nikasikia mikungu yote inasogea na kugonga ubao nyuma ya kabini. Tulisimama. Nilipofungua mlango niliweza kuligusa lile trela bila kushuka.

Taniboi wangu ana miaka kumi na tisa, mama yake ni jirani yangu. Hakusema neno mpaka Mpigi.

Nilisimama Kayabwe nikazunguka mbele kuangalia taa zangu. Zinawaka rangi ya chungwa kama chemli. Vioo vyake ni vya glasi, bado ni safi. Balbu ni H4 (zenye nyuzi mbili, wa fuli yaani taa ya mbali, na wa dimu) za volti 24, wati 75/70, nilibadilisha mwezi wa tatu. Ya kulia imefifia kuliko ya kushoto.

Muuza spea wa soko la Kisekka, Kampala, ananiambia nichague: balbu za wati 100/90, au LED nyeupe za shilingi 120,000 jozi. Nataka kufanya jambo hili mara moja na vizuri. Nyinyi mlioweka, mlipata nini?

Simenti_Elegu

Pole sana kaka, umeponea chupuchupu. Mimi niliweka LED mwaka jana, napeleka simenti Elegu. Kutoka Karuma kwenda Kamdini vibao vya barabarani navisoma kutoka mbali kama ni mchana. Balbu za kawaida siwezi kuzirudia tena. Tatizo pekee ni mvua, hapo naona ukuta mweupe mbele yangu, napunguza mwendo basi. Weka LED.

Umeme_Malaba

Fuso_Isingiro, usinunue chochote kwanza. Mimi ni fundi wa umeme wa malori hapa mpakani, miaka kumi na sita sasa, na taa ya rangi ya chungwa naiona karibu kila siku. Balbu yako haina kosa. Ina njaa.

Jibu kwanza swali hili: ukiendesha nusu saa na taa zimewaka, ile swichi ya taa kwenye usukani ukiishika ni ya moto?

Halafu tafuta mita, hata ile ya bei rahisi. Washa injini, washa dimu, iache dakika tano. Pima betri zote mbili kwa pamoja, utapata kama volti 28. Kisha pima kwenye soketi ya balbu, kwa nyuma, balbu ikiwa ndani na inawaka. Usiichomoe. Soketi tupu itakudanganya kwamba kila kitu ni kizima, maana waya mbovu unaonyesha volti zote mpaka utakapobeba mzigo. Andika namba za kila taa uzilete hapa.

Sababu ni hii. Balbu ya halojeni mwanga wake hauteremki sawa na volti, unateremka kwa kasi zaidi. Balbu ya volti 24 hupimwa kiwandani kwa volti 28. Ikipata 24 tu, mwanga unaobaki ni kama asilimia 60. Unaona? Umeme umepungua moja ya saba, mwanga umepungua karibu nusu. Ndiyo maana inageuka rangi ya chungwa, uzi wake haupati joto la kutosha.

Sasa ukiweka wati 100/90 kwenye nyaya zilizochoka, balbu itadai umeme zaidi, nyaya na swichi zitachemka zaidi, na volti zitakazofika zitapungua zaidi. Mwezi uliopita nilifungua Fighter moja hapa, soketi ya H4 ilikuwa imeyeyuka na kushikana na balbu, nikaikata kwa msumeno.

Simenti_Elegu, nakuheshimu, na najua unayosema umeyaona kwa macho yako. Lakini ni kwa nini vibao vinang'aa hivyo? Vibao viko juu. Dimu haitakiwi kumwaga mwanga mwingi juu, inatakiwa kukata mwanga usawa wa chini ya macho ya anayekuja. Kioo cha H4 kimechongwa kwa ajili ya uzi mwembamba wa balbu uliokaa mahali pamoja hasa. Chipu za LED si umbo lile, kwa hiyo mwanga unatawanyika, unapanda kwenye vibao, kwenye matone ya mvua, na kwenye macho ya watu. Ule ukuta mweupe wa mvua ndio huo. Lori lililokuja na taa za LED tangu kiwandani ni habari nyingine, kioo chake kilitengenezwa kwa LED.

Taksi_Masaka

Mimi ni dereva wa taksi Kampala–Masaka, na naomba wazee wa malori mnisikilize. Msimu wa senene, Novemba, pale karibu na Masaka watu wanawasha taa kubwa kwenye mabati kukamata senene, na ukipita macho yanakufa. Sasa ongeza lori la LED linalokuja kutoka mbele. Nina abiria kumi na wanne, na kwa sekunde mbili tatu sioni ukingo wa barabara, sioni mtu wa baiskeli, sioni chochote. Mara mbili nimeshuka kwenye changarawe kwa sababu hiyo. Sina neno baya kwa mtu, naomba tu mkiongeza mwanga mtukumbuke sisi wa chini.

Mzee_wa_Lyantonde

Vijana, poleni kwa kazi. Niliendesha malori miaka thelathini na moja, sasa niko nyumbani na ng'ombe zangu.

Mwanangu wa Isingiro, fanya anachokwambia fundi. Nina nyongeza mbili ambazo mita haitazionyesha.

Ya kwanza, panga taa lori likiwa na mzigo. Matoke yakishapanda, mkia unakaa chini na pua inainuka, na dimu iliyokuwa inapiga barabara sasa inapiga miti na macho ya taksi. Fundi wengi wanapanga taa lori likiwa tupu, wanalipwa, wanakwenda. Simamisha lori penye ardhi tambarare, mita 10 kutoka ukutani. Piga chaki ukutani kwa kimo kile kile cha katikati ya taa. Mstari ambapo mwanga wa dimu unakatika uwe sentimita 10 hadi 15 chini ya chaki, na upande wa kushoto uinuke kidogo kuelekea ukingo, kwa sababu kushoto ndiko kwenye watu wa miguu na baiskeli. Lori lako ni la Japani, nao wanaendesha kushoto kama sisi, kwa hiyo kioo chako ni sahihi. Malori ya nchi za kulia, ukikutana nayo Katuna au Elegu, mwanga wake unapanda upande wetu. Yule dereva hana kosa, ndivyo taa ilivyozaliwa.

Ya pili, kioo cha mbele, upande wa ndani. Mvuke wa pumzi zenu, vumbi, moshi kama kuna anayevuta. Kinashika ukungu wa mafuta ambao mchana huuoni. Kisugue kwa sabuni na gazeti kila safari. Na wadudu kwenye taa wapanguse Lyantonde kabla hujashuka Masaka, maji yapo, hata kwangu.

Kisha kuna hesabu niliyokuwa nawapa mataniboi wangu. Kwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa lori linakwenda mita 22 kila sekunde. Kabla mguu haujafika kwenye breki umeshakula mita thelathini na zaidi. Dimu nzuri kabisa ya halojeni inakuonyesha kitu cheusi kwenye lami iliyolowa mita hamsini, sitini. Lwera usiku wa mvua mimi nilipita na 50, na wanunuzi wa Kampala walinisubiri.

Fuso_Isingiro

Asanteni sana. Mzee, shikamoo. Jana nilikuwa na siku ya kupumzika, nikaazima mita kwa fundi redio hapa mjini.

Swichi ni ya moto. Nimeiendesha miaka miwili nikidhani ni joto la injini.

Betri zikiwa na injini: volti 27.9. Taa ya kushoto kwenye dimu: 24.3. Ya kulia: 23.1. Nilirudia mara tatu kwa sababu sikuamini.

Umeme_Malaba

Kazi nzuri kabisa. Hapo umepoteza volti 3.6 kushoto na karibu 5 kulia. Sasa tafuta zinapotelea wapi. Mita ile ile, taa ikiwaka: mguu mmoja wa mita kwenye chanya ya betri, mwingine kwenye waya wa soketi unaoleta umeme. Kisha mguu mmoja kwenye waya wa soketi unaorudisha, mwingine kwenye hasi ya betri. Penye namba kubwa ndipo penye ugonjwa.

Angalia jambo hili, mafundi wengi wanaungua hapa: magari mengi ya Kijapani swichi yake haikati chanya, inakata upande wa ethi, yaani wa hasi. Waya wa pamoja wa H4 una umeme muda wote, na dimu na fuli zinarudi kupitia swichi. Fundi asiyejua anaufunga waya ule kwenye chasi, fyuzi inakufa, anaanza kubadilisha vitu ovyo.

Fuso_Isingiro

Taa ya kushoto: upande wa kuleta 0.9, upande wa kurudi 2.7. Ni kama ulivyosema, inarudi kupitia swichi.

Umeme_Malaba

Basi swichi ndiyo inayokula, na ya kulia ina soketi mbovu juu yake. Weka rilei mbili za volti 24 (swichi zinazowashwa kwa umeme mdogo na kupitisha mkubwa), moja ya dimu na moja ya fuli. Usikubali za volti 12 hata muuzaji akikuapia, koili yake itaungua. Chukua umeme kutoka betri moja kwa moja, fyuzi ya ampea 15 kwa kila rilei, iwe karibu na betri kabisa na si karibu na taa. Waya wa milimita za mraba 2.5 kwenda pini namba 30 ya rilei, kutoka pini 87 kwenda kwenye taa zote mbili. Koili, namba 85 na 86, ifunge kwenye ile soketi ya zamani ya upande mmoja, kwenye pini mbili zilizokuwa zinalisha balbu. Ukifunga hivyo haijalishi gari linakata chanya au ethi. Ethi ya taa iwe mpya, waya mnene ule ule, imefungwa kwenye chuma kilichosuguliwa mpaka king'ae. Soketi zote mbili mpya, za kauri.

Balbu baki na 75/70. Nunua halisi, yenye alama ya E ndani ya duara, usichukue iliyopakwa bluu. Ile rangi inachuja mwanga ambao umeulipia. Na kioo cha balbu usikiguse kwa vidole. Ukikigusa, kipanguse kwa spiriti.

Fuso_Isingiro

Narudi baada ya siku kumi na mbili.

Tulifanya na fundi wa hapa Mbarara, nikamsomea maneno ya Umeme_Malaba moja moja kutoka kwenye simu. Swichi tulipoifungua shaba yake ilikuwa nyeusi na plastiki imeanza kulainika. Soketi ya kulia ilivunjika mkononi. Sasa kushoto ni 27.4, kulia 27.3. Balbu ni zile zile za mwezi wa tatu, sikununua hata moja. Rilei, nyaya, fyuzi na soketi, pamoja na kazi ya fundi, havikufika bei ya zile LED.

Taa tulizipanga jioni, lori limejaa, kwenye ukuta wa ghala tunapopakilia. Tulizishusha sana. Nikaelewa kwa nini mataksi yalikuwa yananipigia taa usiku kucha, nami nikiwarudishia kwa hasira. Taksi_Masaka, nisamehe kama ulikuwa mmoja wao.

Usiku ule nilipofika Lwera nilipunguza hadi 50 kama Mzee alivyosema. Mstari mweupe wa kushoto niliuona wote, na mbele yake mtu anasukuma baiskeli ya mkaa, hana taa, magunia matatu. Nilimwona mapema, nikahama taratibu, nikampita. Taniboi ndiye aliyesema, "Umemwona yule?"

Swali moja limebaki, Umeme_Malaba. Taa ndogo ya bluu ya fuli kwenye dashibodi sasa haiwaki, ingawa fuli yenyewe inafanya kazi. Nianzie kupima wapi?

Umeme_Malaba

Taa hiyo huenda ilikuwa inapata njia yake kupitia uzi wa dimu wa balbu kwenye mzunguko wa zamani. Anzia kwenye soketi ya zamani ya upande ambao hukufungia rilei, pima kama bado ina umeme ukiwasha fuli. Niletee namba.