Naomba ushauri: vishikwambi 6, watoto 94, darasa la P4, Busia (Uganda)

Ticha wa Mpakani · Jumatano 14 Mei, saa 2:10 usiku

Hamjambo wakubwa. Mimi ni mwalimu wa praimari huku Busia, upande wa Uganda. Nafundisha P4 (darasa la nne), Kiingereza na Sayansi. Darasa lina watoto 94, dawati la wanne linakaliwa na sita. Nimepata vishikwambi 6, vimeshatumika lakini vizima, na projekta ndogo inayokaa kiganjani, inachajiwa kwa sola. Intaneti ni ya simu yangu mwenyewe.

Shida ni kwamba nikivitoa tu, darasa linageuka soko. Sita wanashika, themanini na wanane wanapanda juu ya madawati. Mnapangaje somo la dakika 40 kwa vifaa vichache namna hii? Na kuna programu gani isiyomeza data? Nina haraka kidogo, Ijumaa kuna kikao na ningependa nifike na mpango wa kuonyesha.

Kobe Mbio · saa 2:19

Sita unalalamika? Sisi Bongo walimu tuligawiwa vile vilivyohesabia watu kwenye sensa ya 2022. Changu mama watoto anaangalizia tamthilia. Ushauri wangu: weka nenosiri, na usimwambie mtu nyumbani.

Nnaalongo · saa 2:31

Mwalimu hongera kwa moyo. Mimi nikisikia teknolojia na watoto nakumbuka ile corona. Shule zetu zilifungwa Machi 2020, zikafunguliwa kikamilifu Januari 2022, karibu miaka miwili. Masomo yakawa redioni. Nyumba nzima redio moja, watoto watano wa madarasa manne tofauti, na baba yao anataka habari. Betri zikichoka tunazianika juu ya bati, zikipata jua zinatoa nusu saa nyingine. Binti yangu alikuwa anaandika haraka haraka, mwalimu wa redioni hangoji mtu. Siku moja akaniuliza, "Maama, nikitaka kuuliza swali nainua mkono wapi?" Sijasahau mpaka leo.

Kwa hiyo mshukuru Mungu una vishikwambi.

Msee wa Malaba · saa 2:40

Huku Kenya watoto wa darasa la kwanza waliahidiwa laptopu tangu kampeni za 2013, zilipoanza kufika 2016 zikawa tableti. Shule niliyokuwa nafundisha zilikaa kwa stoo, mlango wa chuma, kufuli mbili, na askari wa usiku analipwa kulinda kitu hakuna mtoto amegusa. Sasa wewe umetoa zako nje ya boksi, tayari umetushinda. Lakini nani amekupa? Wafadhili hawaleti sita, buda. Huleta hamsini na mtu wa kupiga picha.

Ticha wa Mpakani · saa 2:52

Ni mfadhili tu, mtu mwema. Turudi kwenye swali jamani, naomba mpango wa somo.

Mzee wa Bombo · saa 3:05

Mwanangu, nimeshika chaki miaka 34, nimestaafu. Mwalimu anayetafuta mpango wa somo hatafuti saa mbili usiku akiwa na kikao keshokutwa. Kikao hicho ni cha nani na kinahusu nini?

Ticha wa Mpakani · saa 3:11

Shikamoo Mzee. Ni kikao cha kawaida cha wazazi. Wanataka kujua vifaa vinatumikaje.

Dada Wakili · saa 3:20

Wazazi wa kawaida hawaitishi kikao kwa sababu mtoto amepata kishikwambi. Wanaitisha kwa sababu kuna kitu kimetokea. Sema.

Ticha wa Mpakani · saa 3:48

Sawa. Nitasema, ila msinirukie.

Tangu Februari nawarekodi watoto wakisoma kwa sauti, naweka TikTok. Nia ilikuwa njema, mtoto akijiona anasoma anapata hamu. Video nyingi zilitazamwa na watu mia, mia mbili. Halafu kuna kijana mmoja, ana miaka kumi, alisoma sentensi yenye neno la kisu kwa Kiingereza, *knife*. Akasoma "ki-ni-fe". Kwa kujiamini kabisa, kidole juu ya neno. Darasa likacheka, mimi pia nikacheka, inasikika kwenye video. Ile ikatazamwa zaidi ya laki tatu. Mganda mwenzetu anayeishi Uingereza akaniandikia kwamba amefurahi sana, darasa linahitaji nini? Akatuma shilingi milioni 1.8 za Uganda kwenye simu. Ndiyo vishikwambi hivyo.

Mama wa mtoto hapendi video. Anataka ifutwe. Lakini fikirieni: nikiifuta, yule aliyetuma atanionaje? Ameahidi vingine kumi. Watoto 94 watakosa vifaa kwa ajili ya mmoja? Na sikumtukana, nilimwonyesha akisoma tu. Watu wengi kule chini wamemsifu.

Kobe Mbio · saa 3:51

Kinife 😂😂😂 nisameheni. Nimetoka kukata kitunguu kwa kinife.

Nnaalongo · saa 3:55

Kobe, una watoto kweli wewe?

Dada Wakili · saa 4:02

Mwalimu, Uganda ina Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya 2019. Taarifa za mtoto, na sura yake ikiwemo, hazikusanywi bila idhini ya mzazi au mlezi, iliyotolewa kabla. Kabla, si baada ya laki tatu kutazama. Ulimwomba mama yake?

Ticha wa Mpakani · saa 4:06

Hakuna mwalimu huku anayeomba. Shule zote zinapiga picha za siku ya michezo, mahafali, kila kitu.

Dada Wakili · saa 4:07

Sikuuliza shule zote.

Mzee wa Bombo · saa 4:25

Niachieni nimweleze jambo la darasani, sheria ataelezwa na wengine.

Mwanangu, huyo kijana hakukosea. Wewe unafundisha P4 na umesahau P4 ni nini. Tangu mtaala wa 2007, P1 mpaka P3 mtoto anasoma kwa lugha ya nyumbani. Kwenu huko ni Lusamia au Ateso. Miaka mitatu tunamwambia: kila herufi ina sauti yake, itamke, usiache hata moja. Anafika P4, mwaka wa kuvuka kwenda Kiingereza, anakutana na neno lenye k isiyosemwa mwanzoni na e isiyosemwa mwishoni. Anafanya vilevile alivyofundishwa. Ki, ni, fe. Hajaacha herufi. Kama ni mtihani wa kufuata kanuni, kapata mia kwa mia. Kilichotakiwa pale ni wewe kusimama ubaoni na kusema, "Leo nitawaonyesha herufi zinazolala." Dakika tano, na darasa zima lingevuka naye. Wewe ukainua simu.

Nami nimewahi kucheka mtoto, mwaka 1991, alikuwa anaitwa jina la mto. Alihamia shule nyingine. Siendelei.

Msee wa Malaba · saa 4:33

Mzee umenigonga. Ila swali dogo la hesabu: vishikwambi 6, projekta 1, milioni 1.8. Bei gani?

Ticha wa Mpakani · saa 4:37

180,000 kila kimoja, projekta 450,000. Iliyobaki memori kadi na paneli ya sola. Risiti ninazo.

Tomaso · saa 4:50

Samahanini, nimesoma uzi wote na naona tunachezewa. Leo ni 14 Mei. Shule za Uganda zimefunga muhula wa kwanza mapema mwezi huu, wa pili unaanza mwishoni mwa mwezi. Hao watoto 94 wanaopanda juu ya madawati wako wapi? Mwalimu huyu "nikivitoa tu darasa linageuka soko", lini, likizoni? Na kikao cha wazazi cha shule Ijumaa, shule imefungwa? Hadithi imepangwa vizuri mno: mtoto maskini, mfadhili wa Uingereza, mama mwenye uchungu. Ukurasa unaofuata ataweka namba ya kuchangia. Modi (msimamizi), funga uzi.

Kobe Mbio · saa 4:53

Aisee. Nilikuwa nimeshaanza kumhurumia.

Nnaalongo · saa 4:58

Hata mimi nilijiuliza, wangu wako nyumbani wananimalizia sukari. Nikadhani labda ni shule binafsi.

Msee wa Malaba · saa 5:01

Mimi niko ng'ambo ya mpaka hapa. Ticha, shule yako iko karibu na nini? Taja kitu mtu wa Busia pekee anajua.

Ticha wa Mpakani · saa 5:30

Malori yamepanga foleni kuelekea kwenu mpaka karibu na kwangu, dereva mmoja anapika posho (ugali) chini ya trela nikiandika hivi. Inatosha?

Tomaso una haki. Shule imefungwa. Ninachofanya sasa ni kochingi (masomo ya ziada) ya likizo, kwenye jengo la kanisa, wanakuja kama 41, wanalipa mia tano kwa siku. Wizara inakataza kufundisha likizoni na mnajua hivyo, ndiyo maana niliandika "darasa". Wale 94 ni wa muhula. Hilo la kupanda madawati lilitokea wiki ya mwisho kabla ya kufunga. Kikao si cha shule. Ni wazazi wa kochingi pamoja na wazee wa kanisa, kwa sababu wamesikia habari ya pesa na hawajaona zimeingia wapi. Hedimasta hajui lolote. Akijua ya kochingi na ya TikTok kwa pamoja nimekwisha.

Na mama yake huyo kijana nilivyosema "hapendi" nilifupisha. Anauza mukene (dagaa) sokoni. Alikuja Jumatatu na simu ya jirani yake, kioo kimepasuka kama utando wa buibui, mikono bado ina magamba. Akaniambia, "Mwalimu, mimi sikusoma. Nisomee watu wameandika nini hapa chini kuhusu mwanangu." Nikamsomea mawili mazuri. Akateremsha kwa kidole, akasema, "Na haya mengine, mbona ni mengi?" Nikasema ni kama hayo hayo.

Kijana haji tena kochingi. Vijana wa boda kwenye stendi wanamwita Kinife.

Tomaso · saa 5:36

Bado sijaamini yote. Lakini hiyo ya mikono, sawa.

Dada Wakili · saa 5:41

Mwalimu, ulimdanganya mtu aliyekuomba umsomee. Wewe. Mwalimu wa kusoma.

Ticha wa Mpakani · saa 5:44

Ningemsomea yapi dada? Yale ya nyani? Ungeweza wewe?

Nnaalongo · saa 5:50

Banange. Ningemwambia ni mabaya, mama. Ningeanzia hapo, kisha nikakaa naye chini.

Kobe Mbio · saa 5:52

Naomba Modi afute utani wangu wa kitunguu.

Modi · saa 6:03

Utafutwa. Uzi unabaki wazi. Atakayeweka namba ya kuchangia nafungia akaunti.

Mzee wa Bombo · Alhamisi 15 Mei, saa 12:20 asubuhi

Nimeswali, nimekunywa chai, sasa nakujibu ulichouliza mwanzo, kwa kuwa hakuna aliyekujibu.

Vishikwambi sita usigawe kwa watoto, gawa kwa pembe. Kishikwambi kimoja pembe moja, watoto wawili kwa kila kimoja, basi. Hao ni 12. Waliobaki wana kazi ya daftari, na kazi hiyo iwe ndiyo inayowapa zamu: asiyemaliza hafiki pembeni. Dakika nane, unapiga kofi, wanabadilishana. Kwa watoto 41 siku moja inatosha wote kushika. Kwa 94 utahitaji siku mbili, andika majina ubaoni wajue zamu yao iko, hapo hawatapanda madawati. Mtoto hupanda dawati akidhani hatafikiwa.

Data uzime kabisa. Tafuta laptopu yoyote ya kuazima uweke Kolibri, inakaa na masomo yake ndani, vishikwambi vinaungana nayo kwa waifai ya hapo hapo bila intaneti. Ukikosa laptopu, pakua hadithi za African Storybook, zipo za Kiswahili na za Luganda, ni bure, zitie kwenye memori kadi. Projekta itumie kuonyesha ukurasa mmoja darasa zima lisome pamoja. Hapo hakuna anayechekwa, sauti zinafunikana.

Na kurekodi usiache, kurekodi kuna faida. Ila sauti tu. Mtoto anasoma, anajisikiliza peke yake, anasoma tena, anafuta ya kwanza mwenyewe. Yeye ndiye anayefuta, si wewe. Mwisho wa somo kishikwambi kinarudi kitupu.

Ijumaa nenda na risiti. Ya kochingi na hedimasta siwezi kukusaidia, hayo umeyapanda mwenyewe. Lakini kwa huyo mama usiende Ijumaa. Nenda leo, sokoni, kabla hajamaliza kuuza.

Ticha wa Mpakani · saa 1:15 asubuhi

Asante Mzee. Kishikwambi kimoja maikrofoni yake imekufa. Naweza kutumia visikilizio vya simu?

Msee wa Malaba · saa 1:18

Vile vyenye kamaiki kadogo kwa waya, ndiyo. Soko la huku utapata bei ya rolex (chapati ya mayai) mbili. Na video umefuta?

Ticha wa Mpakani · saa 1:40

Nimeifuta jana saa sita usiku. Leo nimeamka nikaikuta kwenye kundi la WhatsApp la kanisa, imewekewa muziki.