Pipa la kuzunguka au mashine ya kutetemesha: ipi inafaa kuondoa makali kwenye vipande vidogo vya chuma?

Tupa_Bapa
Wakuu, nina vipande vya chuma cha kawaida, sentimita 2 hadi 4, vyenye matundu ya milimita 6. Kingo zote zina makali ya msumeno na keekee, na mafuta ya kukatia bado yamo. Ni vingi mno kuvipiga tupa kimoja kimoja. Pipa au mtetemo? Na ndani kiwekwe nini?

Beringi608
Kama huna haraka, pipa. Mota, rola mbili na chombo, basi. Chombo kiwe na pembe sita au nane, maana kwenye ukuta laini wa duara mzigo unateleza tu, na kazi hufanyika pale unapopanda na kuporomoka. Jaza nusu, usivuke asilimia 60. Maji yafunike kidogo tu mawe ya kusugulia unayochanganya na vipande, na sabuni ya vyombo iwe matone machache. Povu jingi linageuka godoro, mawe hayasugui.

Kasi: chukua 42.3, gawanya kwa kipeuo cha pili cha kipenyo cha pipa kwa mita. Unapata mizunguko kwa dakika ambapo mzigo unaganda ukutani. Tumia kama nusu yake. Pipa la sentimita 20 linaganda kwenye mizunguko 95 hivi kwa dakika, kwa hiyo 45 hadi 50 inatosha. Tenga saa 6 hadi 24.

Kipenyo_Kamili
Saa 24 za nini? Mtetemo mara nyingi unamaliza kwa saa 1 hadi 4, na unachomoa kipande ukikague bila kuzima mashine. Tena vipande havianguki, kwa hiyo nyuzi za skrubu hazibondeki. Huu unajazwa asilimia 80 hadi 90; ukipunguza, mzigo unarukaruka bila kusugua. Maji ni ya kulowanisha tu, tundu la chini liyatoe. Yakituama, mtetemo unakufa.

Jiwe_la_Pembe
Mnabishania mashine, ilhali kinachokata ni mawe. Kwa chuma weka kauri. Kwa alumini na shaba weka ya plastiki. Pini za chuma cha pua zinasafisha na kung'arisha, lakini haziondoi makali, zinayalaza tu. Magunzi yaliyosagwa ni ya kukaushia.

Tundu la milimita 6 ndilo litakalokutesa. Jiwe la 6 linanasa humo, na mawili ya 3 yanabanana. Chukua chini ya 2, au pembetatu za 10 ambazo ncha yake inafika kwenye ukingo bila kupita. Ila kauri huliwa: chekecha kila mara, utoe zilizokaribia 6. Mawe mafungu 3 kwa fungu 1 la vipande, kwa ujazo. Ukiona alama za kugongana, panda hadi 5 kwa 1.

Tupa_Bapa
Nikichanganya na vya alumini humo humo?

Jiwe_la_Pembe
Usithubutu. Chuma kitaibonda na kuipaka weusi. Hata ikiwa peke yake, ndani ya pipa lililofungwa alumini ikikutana na asidi au sabuni ya magadi hutoa gesi ya haidrojeni, na kifuniko kinaweza kufyatuka. Sabuni isiyo kali, na fungua pipa mara kwa mara.

Kipenyo_Kamili
Naongeza: mawe hayachagui ukingo. Sehemu yoyote ya kushika beringi au yenye kipimo cha kubana usiitupe humo, itakuwa mviringo kingoni na kipimo kitapungua.

Beringi608
Na ukitoa, usiache vikae. Chuma kilichosafishwa hivyo kinashika kutu ndani ya dakika. Suuza kwa maji ya moto, ingiza kwenye magunzi makavu, kisha mafuta mepesi. Tope la kijivu limwage nje ya sinki, linaganda kwenye bomba. Mawe yakianza kuteleza na kung'aa, yazungushe na maji safi na sabuni mpya kabla ya mzigo mwingine.