Tangu 1978 hakuna kipa: wachezaji wa Uingereza wanawadhulumu wenzao kwa kura zao wenyewe

Ndugu zangu wapenzi wa kandanda,

Ninaandika nikiwa na hasira, na sioni sababu ya kuificha. Kila mwaka chama cha wanasoka wa kulipwa nchini Uingereza, PFA, humtuza mchezaji bora wa msimu, na kila mwaka tunaambiwa kwamba tuzo hiyo ina heshima ya pekee kwa kuwa wanaopiga kura ni wachezaji wenyewe, watu waliokabana uwanjani na wanaojua nani aliwasumbua kwelikweli. Ilitolewa kwa mara ya kwanza mwaka 1974, ikamwendea Norman Hunter, beki wa Leeds United. Kufikia 2025 ilikuwa imetolewa mara 52. Makipa walioipata katika muda huo wote ni wawili tu, Pat Jennings wa Tottenham mwaka 1976 na Peter Shilton wa Nottingham Forest mwaka 1978. Baada ya Shilton hajapatikana hata mmoja. Wapo makipa waliozaliwa baada ya tuzo ile, wakakua, wakacheza miaka ishirini katika kiwango cha juu kabisa, wakastaafu, na wenzao hawakuwahi kuona kwamba hata msimu mmoja wa mmoja wao ulistahili.

Kama kura hizi zingekuwa za mashabiki, ningenyamaza. Shabiki anafuata bao, na hilo ni haki yake, maana bao ndilo linalomwinua kitini. Mwanahabari naye anatafuta kichwa cha habari. Lakini mshambulizi aliyebaki peke yake na kipa, akaona lango likizibwa mbele ya macho yake mpaka hana pa kuupitisha mpira, anajua alichofanyiwa. Beki aliyepitwa mbio, akageuka na kukuta mkono umeshaufikia mpira, anajua ni nani aliyemwepushia aibu. Hawa ndio mashahidi wenyewe wa kazi ile, na hawa ndio wanaopewa karatasi ya kura kisha wanaandika jina la mfungaji. Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Kipa anacheza kwao, na wa kwao ndio wanaomnyima.

Tazameni mwaka 1996. Tarehe 4 Machi Manchester United walikwenda kwa Newcastle, waliokuwa wakiongoza ligi. Kipindi cha kwanza Newcastle walishambulia kama walivyotaka, na Les Ferdinand alipata nafasi za wazi, lakini Peter Schmeichel, kipa wa United, akamzuia. Kipindi cha pili Eric Cantona akafunga bao moja, mechi ikaisha hivyo, na mwishowe United wakatwaa ubingwa ambao ulikuwa ukielekea kwa Newcastle. Msimu ule wachezaji walimchagua nani? Les Ferdinand. Alikuwa mshambulizi hodari na mabao yake 25 ya ligi sikatai, lakini yule aliyemzuia usiku ule, katika mechi ambayo wengi wetu tunaiona kuwa ndiyo iliyogeuza mbio za ubingwa, hakupata tuzo hiyo mwaka ule wala mwaka mwingine wowote.

Msimu wa 2004 hadi 2005 Chelsea walifungwa mabao 15 tu katika mechi 38, rekodi ambayo bado haijavunjwa. Tuzo ilimwendea John Terry, nami nilifurahi kuona beki akikumbukwa, kwa sababu mabeki nao wameonewa: hadi leo waliowahi kuipata ni sita. Lakini nyuma ya Terry alisimama kipa Petr Čech.

Mwaka wa 2009 ndio ulionimaliza kabisa. Edwin van der Sar, kipa wa Manchester United, akiwa na umri wa miaka 38, alicheza dakika 1,311 za ligi bila kufungwa. Kuanzia Novemba 2008 alipofungwa na Arsenal, hakuna aliyeuona mpira ukiingia wavuni mwake katika ligi hadi tarehe 4 Machi 2009, Newcastle walipompata. Wachezaji waliliona jina lake, kwa sababu lilikuwa miongoni mwa majina sita yaliyoteuliwa. Walilisoma, wakalipita, wakamchagua Ryan Giggs, ambaye hadi siku ya kukabidhiwa tuzo alikuwa ameanza mechi 12 tu za ligi msimu huo. Nasema haya nikimheshimu Giggs kwa kila alichokifanya katika miaka yake mingi ya kucheza. Hata hivyo, tuzo hii ni ya msimu mmoja. Ikiwa wapigakura walitaka kumshukuru mkongwe kwa utumishi wake, langoni kwa timu hiyohiyo alikuwapo mkongwe mwingine, mkubwa kuliko yeye kwa umri, aliyefanya msimu uleule jambo ambalo hakuna kipa wa ligi ile aliyekuwa amelifanya.

Najua mtakaloniambia kuhusu 2018. Mohamed Salah alifunga mabao 32 ya ligi na hakuna aliyestahili kumzidi. Nairobi nzima ilishangilia, nami nilishangilia pamoja nayo. Tangu Riyad Mahrez alipokuwa Mwafrika wa kwanza kuipata tuzo hii mwaka 2016, tumeiangalia kwa jicho la kwetu, na Salah ameichukua mara tatu, 2018, 2022 na 2025, jambo ambalo hakuna mwingine aliyelifanya. Sina ugomvi naye. Hata hivyo nawaomba mkumbuke mechi ya tarehe 2 Desemba 2017 pale Emirates, uwanja wa Arsenal, ambapo David de Gea, kipa wa Manchester United, aliokoa mara 14. Alexandre Lacazette alipiga, De Gea akapangua, mpira ukamwangukia Alexis Sánchez hatua chache kutoka langoni, na kabla hatujamaliza kupiga kelele za bao De Gea alikuwa ameshauzuia kwa mguu. United waliondoka na ushindi wa mabao matatu kwa moja. Ikiwa msimu wenye kazi ya namna hiyo hautoshi kwa sababu kuna mfungaji wa ajabu, basi ni msimu gani utakaotosha, maana katika ligi ile mfungaji wa ajabu hakosekani mwaka wowote?

Na ikiwa ni fahari ya Afrika, mbona hamsemi lolote kuhusu Édouard Mendy? Msenegali huyu alifika Chelsea mwaka 2020, akamaliza msimu wake wa kwanza akiwa bingwa wa Ulaya na mechi 16 za ligi bila kufungwa, na FIFA wakamtangaza kipa bora wa dunia wa mwaka 2021. Katika majina sita ya wachezaji wenzake huko Uingereza hakuwamo.

Wengine wataniletea Glavu ya Dhahabu na kusema kwamba makipa wana tuzo yao. Ile ni hesabu tu ya mechi ambazo timu haikufungwa. Hakuna mwenzake hata mmoja aliyeketi akapima kazi yake kisha akamchagua. Halafu kipa wa timu dhaifu, anayeokoa mara nane na bado akafungwa moja, hesabu ile haimwoni kabisa. Wengine watasema kikosi bora cha mwaka kina nafasi ya kipa. Kinayo kwa sababu kikosi hakiwezi kukosa kipa. Hata wangetaka kumwacha wasingeweza.

Kisingizio cha muda nacho kimekwisha. Zamani sherehe ilifanyika mwezi Aprili na kura zilipigwa kabla ligi haijaisha, kwa hiyo mtu angeweza kusema kwamba uamuzi ulifanywa mapema. Siku hizi tuzo hukabidhiwa Agosti, msimu ukiwa umefungwa. Mwaka 2025 Matz Sels, kipa wa Nottingham Forest, alikuwa ametoka kumaliza ligi akiwa na mechi 13 bila kufungwa, sawa na David Raya wa Arsenal, huku Forest, waliokuwa wa 17 mwaka uliotangulia, wakimaliza wa saba. Hiyo ndiyo klabu ya Shilton. Majina sita yalipotangazwa, hapakuwa na kipa hata mmoja.

Huenda mkajiuliza mambo haya ya Uingereza yananihusu nini mimi niliye Nairobi. Yananihusu sana. Ninawanoa makipa wa timu ya mtaani huku Eastlands, kwenye uwanja wa vumbi ambao kabla ya mazoezi tunaokota kwanza mawe langoni ili mtoto asijichane anaporuka. Vijana wangu wana makovu nyongani, na glavu zao ni za mitumba kutoka Gikomba, zimeshonwa vidole kwa uzi wa viatu. Mmoja wao, mwenye mikono ambayo sijaiona kwa kijana mwingine wa umri wake, alinijia baada ya mashindano fulani ya mtaani ambapo aliokoa penalti mbili katika fainali na zawadi ya mchezaji bora ikapewa mfungaji. Akaniambia, "Kocha, naomba unirudishe mbele. Huku nyuma hakuna anayetuona." Nikamjibu kwamba wachezaji wenyewe wanaona, hata kama watu wa nje hawaoni. Akaniuliza ni kipa gani aliyewahi kuchaguliwa na wachezaji huko Uingereza, na ilinibidi nimtajie watu walioshinda kabla mama yake hajazaliwa.

Nchi hii ilimpenda Mahmoud Abbas wa AFC Leopards hadi ikampa jina la Kenya One. Tulijua wakati ule kwamba kipa anaweza kuwa mchezaji bora kuliko wote uwanjani, na hatukuhitaji kufundishwa na mtu. Leo waandalizi wa mashindano yetu wanaiga wanayoyaona kwenye televisheni, na wanayoyaona ni mfungaji akiinua kombe.

Ninachodai ni kitu kimoja. PFA wachapishe kura zote, zikionyesha kila mpigakura alimchagua nani, kama FIFA wanavyochapisha kura za manahodha na makocha katika tuzo zao. Mshambulizi aliyezuiwa na Van der Sar kisha akamwandika Giggs ajulikane kwa jina. Kipa aliyemwandika mfungaji naye ajulikane, kwa sababu nashuku kwamba wamo pia makipa wanaowapita makipa wenzao. Na yeyote atakayenijibu hapa kwamba makipa hawakustahili, nitamsikiliza kwa heshima, mradi aanze na ule msimu wa 2009 na kutueleza Giggs alimzidi Van der Sar kwa lipi.