Kita (chekechea ya huku) ya mtoto wa miaka 2 hapa Berlin, nichague ipi?

mamaZ_Berlin:
Habari zenu wapendwa, poleni na majukumu. Naomba ushauri kwa nyie mliotangulia huku Ujerumani. Binti yangu anatimiza miaka miwili mwezi wa kumi, mimi kazi naanza Januari, Kita-Gutschein (vocha ya kita) ya Jugendamt, ofisi ya ustawi wa watoto, tumeshapewa ila kuchagua kita yenyewe ndo kizungumkuti. Moja iko mtaa wa pili tu kutoka nyumbani, watoto mchanganyiko, Waturuki, Waarabu, Wapolandi, na weusi pia niliwaona. Siku niliyoenda kuangalia watoto walikuwa wamepakaa matope hadi kwenye nyusi, wanachota maji kwa vikombe wanamwaga kwenye shimo, na ukutani hakuna hata herufi moja. Ya pili ni ya Kijerumani na Kiingereza, mbali, treni mbili, na kuna hela ya nyongeza kila mwezi. Mume wangu anataka hiyo. Na mama yangu Moro kila akipiga simu anauliza huyu mjukuu wangu atasoma lini, mbona binamu yake ana miaka mitatu yuko baby class na homework anapewa. Jamani mngekuwa nyie mngefanyaje?

Baba_Mapacha:
Shem chukua ya karibu. Baridi ya Februari, saa moja asubuhi giza, mtoto analia hataki glavu, halafu ubadilishe treni mbili na kigari... hapana. Kita Berlin ni bure tangu 2018, unalipa euro 23 za chakula cha mchana basi, hiyo hela ya nyongeza mwekee mtoto. Na Kiingereza shule za hapa wanaanza darasa la tatu, hakimkimbii.

Wanjiru_HH:
Sasa mamaZ, mimi niko Hamburg, huku tunapewa masaa tano kwa siku bila malipo na lunch ndani. Nakuelewa kabisa juu kwetu Kenya mtoto wa PP1 (chekechea) ashajua kushika penseli, hata mimi nilishtuka. Lakini huku wote wanaanza kusoma darasa la kwanza wakiwa na miaka sita, hakuna mtu atamwacha nyuma. Kijerumani atakipata hapo kwa matope na wenzake, Kiswahili ndo mshikilie nyumbani, ongea naye Kiswahili kila siku, usichoke hata akikujibu Kijerumani.

dada_mlezi:
Mimi nafanya kazi kita hapa hapa Berlin. Mdogo wangu, matope yasikutishe, yule anayechota maji na kumwaga anajifunza kupima, kungoja zamu na kuongea na mwenzie. Wewe angalia walezi. Mtoto akilia wanainama wanamsikiliza au wanamwita kwa mbali? Akikataa chakula wanamlazimisha? Uliza pia walezi wakiugua inakuwaje, maana upungufu wa wafanyakazi upo na kuna kita zinakata masaa ghafla, na wewe una kazi. Tazama vitabu na midoli kama kuna anayefanana na mwanao.

Kikubwa zaidi ni Eingewöhnung, yaani kumzoesha mtoto kita taratibu. Kwenye utaratibu wa Berlin siku tatu za kwanza humwachi kabisa, unakaa kwenye kona naye anazunguka, siku ya nne ndo unatoka dakika chache, halafu mnaongeza kidogo kidogo. Wiki mbili, nne, wengine zaidi. Kwa hiyo kama kazi ni Januari usianze naye Januari, omba Novemba, maana Krismasi wengi wanafunga na mtoto akikaa nyumbani anarudi nyuma kidogo.

Na chanjo: surua ni lazima kisheria tangu 2020, akishafika miaka miwili wanataka dozi mbili. Kama alichanjwa Tanzania peleka kadi ya kliniki kwa daktari wa watoto aingize kwenye kile kijitabu cha njano.

mamaZ_Berlin:
Asanteni sana, mmenipunguzia mzigo. Chanjo zote mbili alichomwa nyumbani, kadi ninayo. Nywele je, mchanga wote ule?

dada_mlezi:
Msuke twende kilioni na kofia juu, Ijumaa unamfumua unamwosha. Na nunua suruali ya matope mbili, moja ibaki kita.

mamaZ_Berlin:
Sawa dada. Jumatatu nawapigia wa hapa jirani niombe Novemba na nimpeleke baba yake akaone walezi kwa macho yake. Mama nitamweleza taratibu.