Nimepewa dakika 20 kwenye mkutano wa masoko ya mtandaoni Arusha, bosi hataki nionyeshe takwimu

Kijana_wa_Kibosho:
Habarini wadau. Nasimamia tovuti ya kampuni ya utalii hapa Moshi. Mwezi ujao kuna mkutano wa masoko ya mtandaoni Arusha, nami nimepewa dakika 20 nieleze namna ya kuonekana Google. Nilitaka kuonyesha ukurasa wetu wa njia ya Machame ya kupanda Kilimanjaro, jinsi tulivyouandika upya na jinsi ulivyopanda. Bosi anasema nikianika takwimu nimewafungulia washindani mlango. Bila takwimu naona nitabaki na maneno matupu. Mliowahi kusimama mbele ya watu wa fani hii mnafanyaje? Na nizungumze Kiswahili au Kiingereza?

DadaWaNjiro:
Mdogo wangu, hongera sana. Bosi wako ana hoja, ila si takwimu zote ni siri. Ukurasa wenu uko hadharani. Mshindani anaufungua na kuusoma mpaka chini, na nafasi yenu anaiona akitafuta mwenyewe. Asichokiona ni kilichomo kwenye Search Console (zana ya Google inayomwonyesha mwenye tovuti maneno ya utafutaji na mibofyo) na kwenye kitabu chenu cha oda. Kwa hiyo idadi ya wageni waliolipa, bei mnayowapa mawakala na orodha nzima ya maneno yanayowaletea watu, hivyo viacheni ofisini. Onyesha mibofyo ya ukurasa huo mmoja, kabla na baada, na maneno matatu au manne ya utafutaji. Bosi azipitie slaidi kwanza, asichokitaka akitoe.

Ila tafadhali usilinganishe Aprili na Julai. Msimu ukifika grafu inapanda hata kama hukugusa kitu, na mtu anayejua kazi atakuuliza hapo hapo. Linganisha Julai na Julai ya mwaka jana. Search Console inatunza takwimu za miezi 16 tu, kwa hiyo zipakue leo uziweke pembeni.

Ukishaonyesha grafu, usikimbilie slaidi inayofuata. Weka aya ya zamani na mpya kwenye skrini moja, watu wazisome. Kampuni nyingi huku kwetu zinaanza kwa kumkaribisha mgeni kwenye mlima mrefu kuliko yote Afrika. Mgeni aliyeandika "Machame" ameshajua kwamba Uhuru ni mita 5,895! Anachotaka kujua ni achukue siku 6 au 7, na kama atalala kwenye hema au kibanda (vibanda viko Marangu, Machame ni hema). Halafu bei: je, ada za hifadhi zimo? Mishahara ya wapagazi? Mimi nikiwa nimekaa ukumbini, aya ya namna hiyo ndiyo ninayoipiga picha kwa simu. Nadharia za Google kila mtu ameshazisoma.

Jiandae na maswali mawili. Kuna atakayeuliza viungo, yaani linki za kutoka tovuti nyingine kuja kwenu, vinanunuliwa wapi. Mwambie wazi kwamba kununua viungo ili upande ni kinyume cha sera za Google, usimung'unye maneno. Mwingine atauliza kuhusu majibu ya akili mnemba yanayokaa juu ya matokeo. Google iliyazindua Marekani Mei 2024, na huko ndiko wanakotoka wageni wengi wa mlima. Kama ukurasa wenu unaonekana mara nyingi zaidi lakini mibofyo haiongezeki, onyesha hivyo hivyo. Ukumbi mzima una shida hiyo na hakuna anayeisema.

Lugha: kama waandaaji hawajapanga, zungumza Kiswahili. Maneno ya utafutaji yaache kama mgeni alivyoyaandika, iwe Kiingereza au Kijerumani.

Mzee_wa_Kahawa:
Nakubaliana na dada, ila Machame mimi ningeiacha. Kila kampuni inagombania mlima, na mwenye kampuni ndogo atasema nyie mna hela ya matangazo. Kama mna ukurasa wa matembezi ya Materuni, maporomoko na kahawa, chukua huo. Ushindani ni mdogo, na msikilizaji anaweza kurudi ofisini kwake akafanya vile vile kesho yake.

Kijana_wa_Kibosho:
Shikamoo dada, shikamoo mzee. Materuni tunayo, na bosi hana wivu nayo kabisa, naona nimepata njia. Swali la mwisho: nifungue Search Console moja kwa moja pale mbele, au nipige picha za skrini?

DadaWaNjiro:
Marahaba. Picha za skrini. Ukiifungua pale, orodha nzima ya maneno inatokea kwenye ukuta kabla hujachuja, na bosi wako kakaa mstari wa mbele. Slaidi ziweke pia kwenye flashi kwa PDF, na ufike mapema ujaribu projekta. Ukitokea Moshi asubuhi hiyo hiyo utakwama Tengeru kama ni siku ya soko, afadhali ulale Arusha.

Mzee_wa_Kahawa:
Marahaba kijana. Na chai ya saa nne usikimbilie simu. Kaa na wenye hoteli, hao ndio watakaoweka kiungo cha Materuni kwenye tovuti zao bila kulipwa.