Kwa nini mpaka wa Uswidi na Ufini unauacha mto ukifika Tornio?

Mpendaramani

Wakuu, salaam. Nina swali la ramani linalonisumbua. Mpaka wa Uswidi na Ufini kule kaskazini unafuata maji: kwanza mto Muonio, kisha Torne, unateremka nao mamia ya kilomita kuelekea Ghuba ya Bothnia. Lakini ukifika mji wa Tornio, bahari ikiwa karibu kabisa, mstari unauacha mkondo mkubwa, unachepuka magharibi, unauzunguka mji, ndipo unaendelea na safari yake. Kwa hiyo Tornio ni ya Ufini ingawa imekaa ng'ambo ya mto, upande wa Uswidi, na imegusana na mji wa Uswidi unaoitwa Haparanda. Nimekuza picha za setilaiti nikaona kati ya miji hiyo pana kijito tu na uwanda wa majani. Nani alichora hivi, na kwa sababu gani? Kuna anayekujua huko?

Mwl_Historia

Mkuu, jibu fupi ni vita. Urusi iliishambulia Uswidi mwaka 1808, na mwaka uliofuata Uswidi ikasalimu amri. Mkataba ulitiwa saini Fredrikshamn mwezi Septemba 1809. Ufini, ambayo kwa karne nyingi ilikuwa sehemu ya ufalme wa Uswidi, ikawa chini ya Tsar Alexander wa Kwanza. Mpaka ukawekwa kwenye mkondo wa mito hiyo miwili, isipokuwa hapo Tornio. Warusi waliutaka mji, na mshindi hupewa anachotaka.

MamaTorne

Mwalimu amesema kweli, ila amelianza jambo katikati. Naishi Haparanda na kazi yangu ya uuguzi iko Tornio, kwa hiyo mstari huo anaouuliza Mpendaramani naukanyaga kila siku ya kazi. Naomba nianzie mbali kidogo, maana bila kuielewa ardhi ya hapa, mkataba ule utaonekana ni ubabe mtupu.

Eneo hili lote lililala chini ya barafu yenye unene unaokaribia kilomita tatu. Barafu ilipoyeyuka, yapata miaka elfu kumi iliyopita, ardhi iliyokuwa imebonyezwa ikaanza kurudi juu, kama godoro linavyoinuka mtu akishatoka kitandani, na hadi leo haijamaliza. Pwani hii huinuka karibu milimita 8 kila mwaka. Usiidharau milimita. Tangu mkataba wa 1809 hadi leo ni zaidi ya mita moja na nusu, na kwenye pwani tambarare kama hii, mita moja na nusu ya kina ni maji mengi sana yaliyogeuka kuwa nchi kavu.

Tornio ilipewa hadhi ya mji mwaka 1621 na mfalme Gustav II Adolf. Ilijengwa juu ya kisiwa cha Suensaari, kwenye mdomo wa mto, na kisiwa kilikuwa kisiwa kweli: mkondo mkubwa ukipita mashariki, mdogo ukipita magharibi. Biashara yote ya bonde ilishukia hapo. Samaki aina ya samoni, ngozi, siagi na bidhaa za Wasami, wenyeji wa asili wa kaskazini, kutoka bara vilipakiwa kwenye meli kwenda Stockholm, na chumvi na nafaka zikarudi. Kwa muda mrefu hapakuwa na mji mwingine kaskazini zaidi kwenye ghuba hii. Wakati huohuo ule mkondo wa magharibi ulikuwa unajaa tope na kuinuka mwaka hadi mwaka. Walipofika wachora mpaka, kisiwa kilikuwa kimekaribia kushikana na bara la upande wa Uswidi.

Sasa fikiria wajumbe mezani. Ukifuata kanuni ya mkondo wenye kina, Tornio inabaki Uswidi, kwa kuwa kina kiko mashariki ya mji. Lakini mji huo ndio uliokuwa soko na forodha ya bonde zima. Mwenye Tornio ndiye mwenye mto. Warusi hawakukubali kuchukua bonde bila mlango wake, ndiyo maana mstari ukarukia ule mkondo mdogo uliokuwa unakauka. Kwa hiyo, Mpendaramani, kile kijito chenye majani ulichokiona ndicho mpaka wenyewe, au mabaki yake.

Uswidi ilibaki na upande wa magharibi usio na mji hata mmoja. Ikaanzisha kituo cha biashara kwenye kijiji cha jirani, na mwaka 1842 Haparanda ikapewa haki za mji. Yaani mji ninaolala ulizaliwa kwa sababu mji ninaofanyia kazi ulipotea. Haparanda ina barabara zilizonyooka na uwanja mpana katikati, unaona kabisa kuwa ni mji uliopangwa kwenye karatasi. Kitu kizee cha kutazama ukitafute Tornio: kanisa la mbao la Hedvig Eleonora, lililokamilika 1686, lenye mnara mrefu uliochongoka na dari iliyopakwa picha za Biblia.

Mnara huo una heshima yake katika sayansi, nami nadhani wageni wengi wanaupita bila kuijua. Mwaka 1736 alikuja Mfaransa Maupertuis na wenzake, akiwemo Anders Celsius, yule wa vipimo vya joto. Ulaya ilikuwa inabishana kama dunia imebonyea kwenye ncha au imechongoka. Walipima kwa pembetatu kutoka mnara wa Tornio hadi kilima cha Kittisvaara, huko Pello, kisha wakapima urefu wa msingi, yaani ule mstari wa kukokotolea umbali mwingine wote, juu ya mto ulioganda, Desemba, kwenye baridi kali. Jibu lao: dunia imebonyea kwenye ncha, kama alivyosema Newton. Mto uleule uliokuja kugawanywa ndio uliowapa uwanja tambarare wa kupimia.

Reli_na_Madaraja

Nashukuru MamaTorne. Niongeze la reli, kwa sababu mpaka huo umo hata kwenye vyuma. Ufini ilijengewa reli wakati wa utawala wa Urusi, upana milimita 1,524. Uswidi inatumia 1,435. Kwenye daraja la reli kati ya miji hii, lililofunguliwa 1919, zimelazwa reli za vipimo vyote viwili pamoja, kwa sababu behewa la upande mmoja haliwezi kuendelea upande wa pili bila kubadilishiwa magurudumu au kuhamishwa mzigo.

Na kabla ya daraja, wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, hapo ndipo palipokuwa na njia ya nchi kavu kati ya Urusi na washirika wake wa magharibi. Barua, mizigo na majeruhi wa kivita waliokuwa wakibadilishwa kupitia Msalaba Mwekundu walipita hapo. Lenin naye alivuka kutoka Haparanda kwenda Tornio Aprili 1917, akielekea Petrograd, yaani St. Petersburg ya leo, kuongoza mapinduzi.

Mpendaramani

Dada MamaTorne, shukrani sana, sikutegemea jibu kama hili. Nina mawili zaidi. Kama ardhi bado inainuka na mto unahama, mpaka nao unahama? Na watu wenyewe wa pande mbili ni watu tofauti?

MamaTorne

La kwanza: nchi hizi mbili hukagua mpaka wao kwa pamoja kila baada ya miaka 25, na ukaguzi wa mwaka 2006 ulikuwa mmojawapo. Maji yakihama, wanakaa wanapima. Hakuna anayenyanyua sauti.

La pili ndilo linaloniuma. Mwaka 1809 pande zote mbili za bonde hili walikuwa wakulima na wavuvi wanaozungumza Kifini, parokia moja, koo zilezile. Mstari ulipita katikati ya familia. Baadaye Uswidi ikataka raia wake wa mpakani wawe Waswidi kwa lugha pia, na kwa miongo mingi watoto wa upande huu walikatazwa kuongea lugha ya nyumbani shuleni. Wazee ninaowahudumia wanalikumbuka hilo vizuri kuliko tarehe ya mkataba wowote. Lugha yao, Meänkieli, yaani Kifini cha bonde hili, ilikuja kutambuliwa rasmi Uswidi kama lugha ya watu wachache mwaka 2000. Nasema wazi: ilichelewa, wengi wa kuirithisha walikuwa wamekwisha kunyamazishwa.

Hata hivyo udugu haukufa. Mwezi Oktoba 1944 Wafini walipopigana na Wajerumani humo humo Tornio, na Lapland, jimbo la kaskazini mwa Ufini, ikachomwa moto, maelfu ya watu wa upande wa Ufini walipokelewa Uswidi, wengine na ng'ombe wao. Leo miji hii ina mtambo mmoja wa kusafisha maji taka, shule ya lugha ya pamoja, na uwanja wa gofu ambao mpira unapigwa kutoka nchi moja ukaangukia nyingine. Ufini inatumia euro, Uswidi krona. Saa nazo zinapishana: kwetu Haparanda ikiwa saa moja asubuhi, Tornio ni saa mbili, kwa hiyo kazini tunataja kila miadi pamoja na saa ya nchi gani. Mwaka mpya tunaupokea mara mbili usiku uleule.

Machi 2020 Ufini ilipofunga mipaka kwa sababu ya korona, uzio ulisimamishwa kwenye uwanja ulio kati ya miji yetu. Niliona mabibi na wajukuu wakizungumza kwa kupitia waya. Vijana ambao hawajawahi kuonyesha pasipoti hapo waliuliza mpaka uko wapi hasa, na wengi wetu hatukuweza kuwaonyesha bila ramani.

Mwl_Historia

MamaTorne, nimepokea masahihisho. Nimekuwa nikifundisha 1809 kama habari ya wafalme tu. Je, mtu akija, aanzie wapi ili auone mpaka wenyewe kwa miguu?

MamaTorne

Karibu sana, mwalimu. Anza stesheni ya Haparanda, jengo kubwa la matofali kupita mahitaji ya mji mdogo, utaelewa palitarajiwa nini. Pita uwanja wa katikati ya mji, endelea mashariki hadi maduka ya mpakani, halafu tafuta kile kijito. Ukishakivuka, dakika chache mbele utaona mnara wa kanisa la Tornio. Uwe umevaa buti kama ni Mei, barafu ikiwa imetoka kuvunjika, maana uwanda wote huo hulowa. Ukiwa na nafasi mwishoni mwa Julai, panda Kukkola, kaskazini kidogo ya hapa. Mto Torne hauna bwawa hata moja la umeme, na hapo kwenye maporomoko watu bado wanavua kwa wavu wenye mpini mrefu, wakiwa wamesimama kwenye majukwaa ya mbao, Waswidi ukingo mmoja na Wafini ukingo wa pili.