Naomba ushauri: kazi ya utafiti wa madini kwenye ardhi ya Wainuiti

Habari zenu wakuu. Mimi ni mjiolojia, naishi Winnipeg, Kanada. Nimepata kazi ya miezi mitatu kwenye kambi ya utafiti wa madini karibu na kijiji cha Baker Lake, eneo la Nunavut kaskazini mwa Kanada, kwenye ardhi ya Wainuiti, wenyeji wa asili wa huko.

Ramani waliyonitumia ina vitone vyekundu vya mashimo ya kuchoronga, na njia ya caribou, wale kulungu wa kaskazini, inapita katikati yake. Usingizi umeniruka. Nyama hiyo ndiyo chakula cha watu wa pale. Mwaka 1979 walifika mahakamani kupinga utafiti wa urani. Jaji alitambua haki yao ya kuwinda, lakini utafiti ukaruhusiwa.

Mkataba wa ardhi wa 1993 kati ya Wainuiti wa Nunavut na serikali ya Kanada uliwapa umiliki wa takriban kilomita za mraba 350,000, ila madini ya chini ni yao kwenye kama 38,000 tu. Hapo ndipo naumia, maana nimekulia Kanda ya Ziwa na najua mwenye shamba anavyoambiwa dhahabu si yake.

Mliowahi kufanya kazi huko: nimuulize nini mwajiri kabla ya kusaini? Na wazee wa kijiji niwaendee vipi, kwa adabu gani?